Mtihani wa Macho wa Karani Okeyo

Mwaka 1934, mume wangu Nyaberi alikuwa akipogoa chai katika shamba moja juu ya Kapsoit wakati kijiti kilipomchoma jicho la kulia. Jicho likaoza. La kushoto likafuata polepole, mpaka akabaki kuona mwanga na vivuli, kama mtu anayechungulia kwenye moshi.

Miezi michache baadaye, mamemsabu, wake wa wazungu wenye mashamba, walifungua karakana ya kuwafundisha vipofu kusuka vikapu vya kuchumia majani. Wachache walikuwa wameshaanza, na nafasi zilizobaki zilikuwa chache, kwa hiyo ilibidi watu wapimwe. Kazi hiyo akapewa karani Okeyo, mtu aliyejifunza kuandika vizuri na hakujifunza kitu kingine chochote.

Nilimshika Nyaberi mkono, tukaenda. Okeyo alisimama hatua tatu mbele yake, akainua vidole.

"Vingapi?"

Nyaberi alisogeza kichwa mbele. "Naona kivuli kimeinuka. Labda viwili."

Vilikuwa viwili.

"Huyu anaona," Okeyo akasema, na kalamu ikakimbia kwenye fomu. "Karakana ni ya vipofu."

"Bwana karani," nikamwambia, "huyu hawezi kutofautisha uso wangu na mlango."

"Mama, amejibu sawasawa. Unataka niandike uongo?"

Aliyefuata alikuwa Amolo, mtu wa upande wa ziwa, ambaye ndui ilimpofusha kabisa. Vidole hakuviona, hilo halikuwa na ubishi. Lakini kulikuwa na sharti la pili: anayefaa ni yule anayefundishika, na anayefundishika ataweza kutembea peke yake kutoka mlangoni hadi mezani. Amolo alipiga hatua nne, akajikwaa kwenye benchi, akaanguka nalo.

"Hafundishiki," Okeyo akaandika.

Kisha akaingia Gekara, shemeji ya nyapara. Gekara huyo tulimjua sote. Asubuhi ile ile nilikuwa nimemwona akiruka madimbwi njiani ili asichafue suruali. Sasa alifumba macho, akasema vidole haoni, halafu akatembea moja kwa moja, akalizunguka benchi lililoanguka, akavuta kiti na kuketi.

Okeyo alifurahi karibu apige makofi. "Mnaona? Kipofu kamili, na akili anayo!"

Nilicheka. Sikukusudia, lakini nilicheka mpaka nikaambiwa nitoke. Katika chumba kile kizima niliona kipofu mmoja tu wa kweli, naye ndiye aliyeshika kalamu.

Tulipofika nyumbani Nyaberi akauliza, "Mama Nyanchama, vikapu vibovu vya karakana wanatupa wapi?"

"Nyuma, kwenye majani."

"Niletee kimoja."

Nikamletea. Akakifumua ufito mmoja mmoja, vidole vikisoma ulivyopita juu na chini, kisha akakisuka upya. Cha kwanza kilipinda. Cha tano kilisimama. Hapo akatuma Amolo aitwe, wakaketi magoti yakigusana, mmoja akishika mikono ya mwenzake. Mimi nilikata mianzi na kuipasua. Msimu wa mvua ulipokwisha, wachumaji walikuwa wakija mlangoni kwetu, kwa sababu vikapu vya karakana vilikuwa vikiachia kitako katikati ya shamba.

Okeyo naye akaja, siku mbili kabla ya mamemsabu kutembelea karakana.

"Baba Nyanchama," alianza kwa sauti ya asali, "nimefikiri. Naweza kukupima tena. Safari hii nitaandika huoni. Wewe ulete tu vikapu kumi, viwekwe pale mbele."

"Na Amolo?"

"Amolo alishaandikwa kuwa hafundishiki."

Nyaberi aliweka ufito chini. "Andika vile ilivyo. Mimi naona vivuli, Amolo haoni kitu, na sote tunasuka."

"Fomu haina mahali pa kuandika hayo."

"Basi huna kazi na sisi."

Okeyo akanigeukia mimi, labda akitumaini mwanamke atalainika. Nilimwonyesha njia, tena kwa kidole kimoja, nikamwambia ahesabu.

Mamemsabu walifika, wakamwomba Gekara asuke mbele yao. Alifanya kazi macho yamefumbwa, kwa woga, na alichotoa hakikuweza kubeba hata kuku. Mmoja wao akaandika kwamba vipofu wa nchi hii hawana mikono ya kazi, na mwaka uliofuata karakana ikafungwa, ikawa stoo ya majembe.

Neno hilo liliniuma kuliko mambo yote, kwa maana vikapu vya Nyaberi na Amolo vilikuwa vikipita mbele ya nyumba ya memsabu huyo aliyeliandika kila asubuhi, vimejaa chai.