Nyundo ya Mzee Odero

Kisilu alifika siku ya nne baada ya mazishi ya baba yangu, kofia mkononi, akasema mzee alimwahidi nyundo yake. Mimi siwapendi watu wanaokuja kutoa pole huku macho yakizunguka vitu vya marehemu.

"Kama kweli ulifua chuma na Mzee Odero," nikamwambia, "nionyeshe kazi yake."

Jumamosi nikatia nyundo kikapuni, chini ya leso. Nilitaka nimwoneshe anachokikosa, kisha niirudishe nyumbani. Tukaanzia mjini. Kwenye dirisha la benki akapitisha kidole juu ya nondo, akasema, "Hii ni ya mzee." Alipatia. Ngazi za chuma za hoteli tulizichungulia kutoka mlango wa wapishi, maana mbele sisi Waafrika haturuhusiwi. Akapatia tena. Askari akatuuliza karatasi zetu za ruhusa, akatuachia, nami nikawaza: huyu amekariri tu, mji mzima unajua kazi ya baba.

Nikampeleka kwenye mtego wangu. Tulipanda basi, tukatembea hadi Muthangari, penye geti la Mzungu mmoja lililojaa majani ya chuma. Mwaka uliopita baba alinileta hapo mwenyewe, akaniambia ndiyo kazi yake ya mwisho na nzuri kuliko zote. Hii mjini hakuna aliyeijua.

Kisilu akachuchumaa, akalitazama kwa muda mrefu.

"Hii si ya mzee."

Nimemnasa! Nilifurahi, sikatai. "Mwongo wewe! Baba alinionyesha kwa kidole chake!"

"Dada Caren, baba yako alikuwa mashoto. Zile za mjini, alama za nyundo zinalalia huku. Tazama hizi."

Nikatazama. Zililalia upande wa pili.

"Hii ni mkono yangu," akasema taratibu. "Ya mzee ilishaanza kutetemeka. Aliniomba nisikuambie, eti utamkataza kazi."

Nikakumbuka kikombe cha chai. Mwaka ule wote baba alikishika kwa mikono miwili, nami nikamtania kwamba Nairobi imemshinda kwa baridi. Siku nzima nilimshuku mgeni, kumbe aliyenidanganya ni baba, na mimi nilikuwa nikicheka.

Nikafunua leso, nikatoa nyundo. Kisilu akaipokea kwa mikono miwili. Hapo ndipo nilipolia, kwa mara ya kwanza tangu tumzike.