Miswaki Miwili Ndani ya Kikombe

Msiniambie habari za docta Déogratias. Wako watu hapa Baraka wanaomsifu mpaka leo, eti ndiye aliyefundisha bamama kupiga mswaki vizuri. Kweli, alifundisha. Hata mimi alinifundisha, na mimi sifundishiki kirahisi, maana mimi mwenyewe ni mwalimu.

Ilikuwa mwezi wa tano, mwaka wa tisini na sita. Kanisa lilileta karatoni ya miswaki kwenye dispansari yetu ndogo, na Deo, muuguzi pekee tuliyekuwa naye, ambaye sote tulimwita docta, akatuita tuje tuchague. Bamama wote tulirukia ile migumu. Sufuria iliyoungua unaisugua kwa mchanga, huisugui kwa pamba, basi na meno vilevile! Nikamwambia mbele ya watu, "Docta, hii laini inaosha nini? Hii ni ya kupangusia batoto makamasi!"

Watu wakacheka sana. Deo hakukasirika. Alichukua mswaki mgumu, akanisugua nao mgongo wa mkono mpaka ngozi ikawaka moto.

"Mama Nadège, nyama ya meno ni laini kupita hapa," alisema. "Ukisugua hivi kila siku, nyama inarudi nyuma, jino inabaki uchi. Kamata ya laini, ya kichwa kidogo, ifike mpaka kwa magego. Na kila mutu na yake. Hata bwana yako usimuazime."

Iliniuma kushindwa, lakini nilichukua wa laini. Deo hakuwa mtu wa mbali kwangu. Alikuwa baba wa ubatizo wa binti yangu Nadège, na kila Jumapili alikula ugali mezani kwangu.

Pembeni yangu siku ile alikuwa Iriza. Tulifundisha shule moja, mimi darasa la kwanza, yeye la tatu. Kwao ni Bibokoboko, juu milimani, kwa wafugaji wa ng'ombe, na mumewe Hakizimana alikuwa huko huko. Iriza alikuwa na mimba ya miezi minne, na kila akipiga mswaki alitema damu. Deo akamweleza kwamba mimba huvimbisha nyama ya meno, asiogope, wala asiache kusafisha. Akapekua chini kabisa ya karatoni, akamtolea mswaki mmoja wa batoto, laini kuliko yote, wenye mpini wa manjano uliochorwa samaki. Haukuwapo mwingine kama ule. Iriza alifurahi kama aliyepewa kitenge kipya.

Mwezi wa tisa vita vikatufikia. Bajeune, vijana wenye bunduki, wakaanza kuwasaka watu wa kabila la Iriza, wale wafugaji wa mlimani, nyumba kwa nyumba, na njia ya mlimani ikafungwa. Jumatatu alfajiri Iriza akaja kwangu na tumbo lake la miezi minane, na mswaki ule mkononi. Alikuwa anasafisha meno uani waliposhuka kwenye mtaa wake, akaruka ua hivyo hivyo.

Nilimficha stoo, nyuma ya magunia ya muhogo. Nadège nilikuwa nimeshampeleka kwa bibi yake, kijijini Lubondja. Anatole, bwana yangu, alikuwa ziwani anatafuta mtumbwi wa moteri. Alhamisi angempitisha Iriza ng'ambo, mpaka Kigoma. Tulihitaji siku tatu tu, jamani. Siku tatu!

Jumatano asubuhi Deo akabisha hodi. Nilifurahi kumwona, Mungu anisamehe. Aliomba maji ya kunywa, nikaenda kumchotea. Niliporudi alikuwa amesimama dirishani, anatazama kikombe cha miswaki. Aligusa mmoja kwa kidole, akagusa na wa pili.

"Yote mbili iko na maji," alisema. "Anatole iko ziwani. Nadège iko Lubondja."

"Ni wangu wa akiba," nikasema.

"Mama Nadège, hii nilipatia Iriza mi mwenyewe." Kisha akashusha sauti. "Damu ingali inatoka?"

Hapo ndipo nilipokwisha. Nilijiambia, mtu mwenye nia mbaya hawezi kuuliza habari za damu ya meno. Mimi, mwalimu mzima! Kikulacho ki nguoni mwako, nimewaandikisha batoto methali hiyo ubaoni miaka kumi na moja. Nikamfungulia stoo kwa mkono wangu.

Alichuchumaa mbele ya Iriza, akamfungua kinywa taratibu, akamgeuzia uso kwenye mwanga. Akamuuliza kama mtoto anacheza. Akamwambia mswaki wake umechakaa, nywele zimelala, miezi minne imepita.

"Nitakuletea mupya leo leo," alisema. "Nikiita jina yako, utoke. Sauti ya mutu mwingine, usitoke."

Alipoondoka, Iriza alilia kwa furaha. "Yaya Émilienne," aliniambia, maana aliniita dada yake mkubwa, "sasa tuko batatu."

Mchana nilikuwa uani namenya muhogo. Deo akaingia, na nyuma yake vijana wanne. Hakunitazama. Nilifumbua kinywa nipige kelele, na mmoja akanikandamiza bunduki kifuani, nikakifumba. Mimi ambaye mtaa mzima unanijua kwa mdomo!

"Iriza!" Deo akaita, kwa sauti ile ile nzuri ya dispansari.

Akatoka. Mkono mmoja tumboni, mwingine ameunyoosha kwake. "Docta, umeleta?"

Wakamshika huo mkono alionyoosha. Hakumtazama Deo hata mara moja. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, nami nikaelewa kwamba anadhani tulipanga wawili. Nilitikisa kichwa, nikatikisa tena. Aliondoa macho.

Wakaanza kumpeleka. Deo akanisogelea, huku yule kijana hajaniondolea bunduki.

"Unishukuru, Mama Nadège," alisema. "Balishajua kama iko mutu hapa. Bangechoma nyumba na weye ndani. Nimekuombea."

Nilikuwa na maneno, wallahi nilikuwa nayo. Ningeweza kumtemea mate usoni. Kijana akasukuma bunduki kidogo, akasema, "Mama, docta anakungojea."

"Aksanti, docta," nikasema.

"Kwa nguvu," kijana akasema.

"Aksanti, docta!"

Iriza alikuwa bado hajavuka ua. Alisikia.