Mwanafunzi Niliyemkalisha Getini

Nimefanya kazi nyingi na hakuna iliyonikalisha. Nilizaliwa Ngombezi, kwenye kambi za mkonge. Baba alikuja kukata mkonge kutoka mbali, na kabila letu kila mtu hunikisia lake, nami huitikia lolote. Shule nilisoma vipande: darasa la kwanza Ngombezi, la pili Kerenge, la nne sikumaliza. Nimeuza mahindi ya kuchoma kwenye mabasi Mombo, nimechunga ng'ombe wa watu Handeni. Uzee ndio ulionileta kwenye geti la chuo kimoja cha ualimu, Korogwe.

Mwaka huo chuo kiliagizwa kichanganye wanafunzi. Makabila yote yaonekane, hasa watoto wa wafugaji, maana walikuwa hawaji. Walimu walikaa vikao, likatundikwa bango juu ya geti langu: Karibuni Wote. Nililisoma kwa kuunga herufi, nikaona jambo zuri.

Siku ya mwisho ya usajili ilikuwa Jumatatu, mwisho saa kumi jioni. Siku hiyohiyo mama Hosiana, karani wa ofisini, aliniambia atakuja mlinzi mpya wa kunisaidia, anatoka Handeni. Sasa mlinzi wa kutoka Handeni, wewe ungemtazamia avae nini?

Saa mbili asubuhi akafika kijana wa Kimasai. Shuka nyekundu, katambuga za tairi, fimbo, na bahasha ya kaki kwapani. Akaniamkia, akainamisha kichwa nimguse, kama wafanyavyo kwa wakubwa. Akasema anaitwa Mepukori, anatoka Handeni, ameambiwa afike leo. Nikamwambia tulikuwa tunamsubiri. Nikampa kiti na rungu, nikamwonyesha komeo.

Aliuliza akae pale mpaka saa ngapi. Nikasema mpaka aitwe.

Akakaa. Akafungua geti, akafunga. Wanafunzi wapya walishuka kwenye bodaboda na magodoro yao, akawabebea masanduku mpaka bwenini. Wengine walimwita yero, kama wanavyoitwa walinzi wa Kimasai mjini, wakicheka, akawaitikia. Mchana tulikula ugali na maharage sahani moja.

Saa nane alikuja mwanamume wa makamo, suruali imepigwa pasi, begi mkononi. Nilimuuliza amekuja kumwona mtoto gani. Akasema yeye ni Sadala, amekuja kwa kazi ya ulinzi. Nikamwambia kazi imeshapata mtu, nikamwelekeza stendi.

Saa kumi na robo mama Hosiana akatoka na simu mkononi.

"Mzee Kasmiri, mlinzi ananipigia yuko stendi. Anasema umemfukuza."

"Mlinzi si huyu hapa?"

Akamtazama Mepukori. "Huyu nani?"

Kijana akasimama, akatoa bahasha, akampa kwa mikono miwili. Mama Hosiana akaisoma barua kimya, kisha akanisomea kwa sauti: amechaguliwa kusomea ualimu wa sayansi, aripoti kabla ya saa kumi.

Nikafa ganzi. Haikuwa aibu wala huruma. Ilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Msajili, mwalimu Benedicto, alisema usajili kwenye kompyuta umeshafungwa, na asiyeripoti nafasi yake anapewa mwingine. Akamuuliza Mepukori kwa nini siku nzima hakusema. Mepukori akaeleza kwamba sekondari aliyosoma, wanafunzi wageni walifyeka majani wiki nzima kabla ya kuingia darasani. Akadhani hapa wanaanza na geti. Tena mzee alishamwambia atulie mpaka aitwe. Angembishia mzee?

Tukaambiwa tusubiri nje. Tukakaa kwenye ngazi. Mepukori akauliza:

"Mzee, ningekuja na suruali, ungeniuliza nimefuata nini?"

"Ningekuuliza."

"Haya."

Angenitukana ningejua pa kushika.

Benedicto alipotuita alisema iko njia moja. Atawaandikia wakubwa kwamba kijana alifika kwa wakati, mtu wa chuo akamzuia. Lakini mtu huyo aandike kwa mkono wake mwenyewe, na akishaandika hivyo, mkuu wa chuo hatamwacha getini. Alilisema polepole, akiangalia meza.

Nikaomba kalamu. Niliandika: Alifika saa mbili. Nilimuona ni Mmasai nikamfanya mlinzi. Sikumuuliza. Ni mimi Kasmiri. Maneno hayo yalinichukua kama nusu saa, na Benedicto alinisahihisha herufi mbili.

Jibu lilikuja Alhamisi: aingie. Sadala akaitwa kushika geti. Yeye alishapata pa kulala mjini. Bwenini vitanda vilikuwa vimejaa tangu Jumatatu, kwa hiyo mwanafunzi mpya akapewa chumba changu, kile cha mlinzi, mpaka mwakani.

Nilikuwa nimeshafunga mizigo, mfuko mmoja tu. Alikuja na godoro kichwani, amevaa shati jeupe la chuo. Akaniamkia, nikaitikia. Nikamwonyesha tu mlango unavyokwama: unaunyanyua kidogo, ndipo unasukuma. Akajaribu mara mbili, ukafunguka.