Sufi ya Magugu-Maziwa

Ganda la magugu-maziwa halichumwi kabla mbegu zake hazijawa kahawia, wala shina haling'olewi. Avunjaye sheria hupanda alichoharibu, kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka ule wa vita, 1944, hapakuwa na nyumba huku kaskazini mwa Michigan isiyoijua. Sufi ya Java ilikuwa mikononi mwa adui, na serikali ilihitaji sufi ya magugu yetu kujazia majaketi ya kuokolea mabaharia. Magunia mawili ya maganda, jaketi moja.

Mjane Alida Terpstra aliijua pia. Lakini mwanawe Harm alikuwa vitani baharini, na barua zake zilikatika tangu Juni. Siku moja ya Agosti alichukua jembe, akang'oa magugu yote ya kando ya kijito na mizizi yake, akayatundika juu ya jiko ili maganda yakauke upesi. Baada ya juma moja yakaota ukungu.

Mimi, mwalimu wa shule na msimamizi wa uchumaji, nilimwendea. Nilimkuta jirani yake, Wiebe Hoekzema, amekwisha kufika.

"Mama Harm, supu gani hii inanuka hivi?"

"Nyamaza, Wiebe! Mwanao yuko zizini anakamua ng'ombe. Wangu yuko majini."

"Na sufi mbichi ndiyo itakayomfanya aelee? Si itamzamisha kama jiwe!"

Alida akanigeukia. "Mwalimu, nimemponza mtoto wa mwenzangu?"

"Umepoteza majaketi mawili," nilimjibu, kwa kuwa ndiyo kweli. "Na viwavi wa kipepeo mfalme wamekufa njaa, maana hawali jani jingine. Utapanda."

"Nitapanda."

Hadi Oktoba alizunguka barabarani akichuma maganda makavu. Alileta shuleni magunia manne, na konzi chache za mbegu akazifukia kando ya kijito kabla ya theluji.

Januari barua ikaja. Harm alikuwa hospitalini, hai. Alikuwa ameelea baharini kwa muda wa saa tisa ndani ya jaketi. Sufi ya nani, hakuna ajuaye.

Julai miche ilifika shubiri moja, bila ua.

"Mwaka huu huambulii hata ganda, Mama Harm," alisema Wiebe.

"Inama wewe, mzee wa maneno. Tazama chini ya jani."

Niliinama mimi. Viwavi wa milia myeusi, myeupe na ya manjano walikuwa wakila kwa bidii. Nilihesabu kumi na mmoja.

"Adhabu imekwisha," nikasema.

Alida akapangusa udongo mikononi, akaenda kutandika kitanda cha Harm.