Kwa Amani, Maana ya Pili

Niliishi na herufi P miaka kumi na tisa, zaidi ya nilivyoishi na marehemu mume wangu, na P haikuwahi kukoroma. Kazi yangu ilikuwa kutunga kamusi. Tulikuwa watu arobaini ndani ya jengo moja, hatusemeshani, kila mmoja na masanduku yake ya kadi, na kila kadi ina sentensi moja ambayo mtu fulani mahali fulani aliwahi kuitumia. Bila kadi tatu huandiki maana. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria, na mimi niliiheshimu sana, isipokuwa Ijumaa moja.

Nilipostaafu nikarudi kwetu Stannock, huku Vermont, mji wenye watu mia sita na ng'ombe waliozidi hapo kidogo. Nilidhani mimi na maneno tumeachana salama. Kumbe Wendell Crowley alikuwa ananiandalia shughuli.

Wendell ni mwenyekiti wetu wa baraza la mji. Ni mwenyekiti tangu zamani, na nadhani hata mama yake alijifungua akamwambia karibu, mheshimiwa, keti. Agosti iliyopita yeye na baraza lake waliamua daraja la mto wetu limechoka. Wakaweka magogo ya zege pande zote mbili na kibao kilichoandikwa kwamba limefungwa kwa muda. Huo muda mpaka theluji inaanguka ulikuwa bado haujaisha, na baraza lilikuwa linalitafakari suala hilo, maana hakuna watu duniani wanaojua kutafakari kama baraza letu.

Ng'ambo ya mto anaishi Alma Thibault, ana miaka sabini na tisa na nyonga mbovu. Upande huu, karibu na ukumbi wa mji, anaishi mdogo wake Arlene, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Kwa miaka kumi na mbili Arlene alivuka daraja kila siku saa sita mchana akala na dada yake. Dakika tano kwa miguu. Daraja lilipofungwa, njia ya kuzunguka ikawa maili kumi na moja, na macho ya Arlene si ya kumkabidhi usukani wakati wa barafu.

Basi Arlene akaenda ghalani akachukua kengele ya ng'ombe ya baba yao. Zilikuwa mbili, nyingine anayo Alma. Kila siku saa sita anasimama uwanjani mbele ya ukumbi, chini kabisa ya dirisha la Wendell, anaipiga dakika kumi bila kusema neno, halafu anarudi nyumbani kula sandwichi yake peke yake. Hakumtukana mtu. Hakurusha hata mpira wa theluji, ingawa mimi nilimshauri.

Wendell akavumilia mpaka Januari. Halafu akafukua sheria ndogo ya mji, ya zamani za mababu, isemayo mkazi yeyote anaweza kufika kwenye uwanja ule ilimradi afike peaceably. Hilo ndilo neno kwa Kiingereza chetu. Ninyi mngesema kwa amani, nami nitasema hivyo hivyo tusichoshane. Wendell akasema kengele si amani. Akampeleka Arlene kwa jaji, akiomba apigwe marufuku kukanyaga uwanja na ukumbi mwaka mzima.

Mwaka mzima, na mkutano mkuu wa mji uko Machi. Kwetu hakuna kupiga kura kwa barua. Unakaa ukumbini kwa makalio yako mwenyewe, unasema na kupiga kura, au husemi na hupigi. Hoja ya kutengeneza daraja aliiandika Arlene, na kama hayumo wa kuitetea, Wendell angeizika kabla maharage ya chakula cha mchana cha mkutano hayajapakuliwa. Arlene alijua hivyo, Wendell alijua hivyo, na sisi wengine tulijua na tukaendelea kulalamika jikoni kwetu, ambako hakuna hatari.

Arlene akaja kwangu. Akaniambia, "Shoga, wewe si ndiye mwenye maneno? Njoo uwaambie hilo neno maana yake nini." Nikavimba kichwa. Mtu aliyekaa na P miaka kumi na tisa haombwi mara mbili.

Mbele ya jaji nilijimwaga. Jaji mwenyewe alikuwa mwanamke mwenye mafua makali, na sanduku la tishu mbele yake lilikuwa linapungua haraka kuliko subira yake. Nikamweleza kuwa mzizi wa neno ulikuwa kwa Warumi, ambao amani yao waliipeleka kwa watu kwa ncha ya mkuki. Ukapita kwa Wafaransa wakaulainisha. Ukaingia kwa Waingereza miaka mia saba hivi iliyopita, wakaubandika mkia wao, likazaliwa neno. Na tangu siku hiyo maana yake ni moja, mtu hakuja kupigana. Basi. Ndiyo maana hati za ardhi za zamani husema mwenye shamba alimiliki kwa amani na kwa utulivu. Kama maneno hayo mawili ni kitu kimoja, wino wa pili ulikuwa wa nini? Na waliotuandikia katiba, wakasema watu wana haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka malalamiko, ndio kwanza walikuwa wametoka vitani. Tofauti ya kelele na risasi waliijua vizuri sana.

Arlene alinitazama kama mtu anayetazama mkate ukiumuka. Nikaketi nimeridhika na nafsi yangu kupita kiasi.

Ndipo akainuka wakili wa baraza, anaitwa Trask, kijana wa viatu vinavyong'aa katika msimu ambao hakuna kiatu kinachong'aa. Akaweka mezani kamusi. Niliitambua kabla hajaigeuza, jinsi unavyomtambua mtoto wako kwa kisogo. Akaniomba nisome neno letu, maana ya pili, kwa sauti.

Nikasoma. "Kwa utulivu. Bila kelele."

Trask akauliza kwa upole wa kuchukiza, je, ni nani katika nyumba ile ya kamusi aliyeandika maana hiyo?

Hapo nataka mnielewe. Kamusi haitiwi sahihi. Tulikuwa arobaini, na zaidi ya nusu wamekwishazikwa, hawawezi kubisha. Ningeweza kumtaja marehemu Prentiss wa meza ya jirani, ambaye aliniibia kalamu miaka yote ile, na hakuna ambaye angejua mpaka siku ya kiyama. Jina la Prentiss lilinifika kwenye ncha ya ulimi. Halafu nikamwona Arlene. Alikuwa ameweka mikono mapajani, mmoja juu ya mwingine, na alikuwa bado ananiamini, jambo ambalo lilinikasirisha mno.

"Mimi," nikasema.

Nikamweleza jaji yote. Ilikuwa Ijumaa, theluji inaanguka, na mume wangu yuko chini kwenye gari anapiga honi tuwahi chakula cha jioni kanisani. Maana ya kwanza nilikuwa na kadi sitini. Maana ya pili sikuwa na hata moja. Lakini kamusi ya wapinzani wetu ilikuwa nayo, na wao walikuwa wameitoa kwenye kamusi ya kabla yao, maana sisi watu wa kamusi huibiana makosa kwa heshima kubwa. Honi ikalia tena. Nikaandika "bila kelele", nikashika koti langu. Pale sikuwa natoa maana ya neno, nilikuwa naomba dua honi inyamaze.

"Kwa hiyo unasema kamusi yako ina makosa?" Trask akauliza.

"Kamusi yangu ina mimi ndani yake," nikamjibu.

Jaji akamgeukia Arlene, akamuuliza kwa nini basi achague kengele, asibebe bango kama wenzake. Arlene akasema, "Bango dada yangu halioni, mheshimiwa. Kengele anaisikia."

Jaji akapenga kamasi muda mrefu. Halafu akasema hajawahi, katika miaka yake yote ya kiti kile, kumwona shahidi akijikaanga kwa mafuta yake mwenyewe bila kulazimishwa, na kwa upya wa jambo hilo ameamua kuniamini. Akaifuta kesi. Mimi nikatoka na sifa ya kuwa mwongo mwaminifu kuliko wote wa wilaya, na Wendell akatoka bila kumsalimia mtu.

Mngedhani yamekwisha. Hammjui Wendell.

Jumanne ya kwanza ya Machi tulijaa ukumbini, na matope yetu mpaka magotini. Wendell alikuwa ameingiza hoja yake mbele ya ile ya daraja. Alitaka kwenye sheria ya uwanja lifutwe "kwa amani", liandikwe "kimya kimya". Akaitetea saa nzima na robo, akitaja mababu, watalii, na usikivu wa ng'ombe. Saa sita ikapita. Harufu ya maharage ikapanda kutoka chini, na watu wakaanza kumchukia kwa dhati. Arlene alikaa safu ya mbele na kengele ndani ya mkoba wake, anatazama saa ya ukutani, anatazama mlango. Akitoka, kura inaweza kupigwa hayupo. Hakutoka.

Sasa huko kwetu hoja huamuliwa kwa mdomo. Mwendesha mkutano, Norris Peck, huuliza wanaokubali, wakaitika, halafu wanaokataa, wakaitika, na upande ulioitika kwa nguvu zaidi ndio umeshinda. Kwa hiyo Norris akauliza, nani anakubali kwamba uwanja wetu uwe wa kimya kimya.

Walibweka. Wendell alipanda juu ya kiti akanguruma "Ndiyo" mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na wenzake nyuma yake wakipigapiga miguu sakafuni. Picha ya mwanzilishi wa mji ikapinda ukutani. Sijawahi kusikia watu wakipenda ukimya kwa kelele nyingi namna ile.

Norris akangoja vumbi litue. Akauliza, "Wanaokataa?"

Tulikuwa ndio tunavuta pumzi. Na katikati ya pumzi ile ikasikika kengele. Haikuwa ya Arlene. Ilitoka nje, mbali, ng'ambo ya mto. Ikapiga mara tatu, ikanyamaza. Ikapiga tena mara tatu.

Ukumbi mzima ukawa kimya, kimya kile alichokuwa anakitafuta Wendell tangu Januari. Alma, mwenye nyonga mbovu, alikuwa amesimama kwenye kibaraza cha nyumba yake kwenye baridi, na alikuwa anauliza. Ndipo nikajua kwamba alikuwa anajibu siku zote, na sisi hatukuwahi kumsikia kwa sababu tulikuwa tumeshughulika kulalamikia mambo ya huku. Nikajionea aibu mimi kwanza, maana nyumba yangu iko karibu na mto kuliko ya Wendell.

Arlene alikuwa ameshasimama. Alishika mkoba kifuani. "Norris," akasema, "kura yangu."

"Nenda kamjibu dada yako," Norris akasema. "Hatuondoki."

Akatoka. Wendell bado alikuwa juu ya kiti, na kiti kiko kando ya dirisha. Alituangalia, akaliangalia dirisha, halafu akalifungua. Sijui kama alitaka kusikia au alitaka hewa. Kwa roho yangu ilivyo mbaya nasema hewa, lakini hakulifunga. Baridi ikaingia, na hakuna aliyesema lifungwe. Tulimsikia Arlene akipiga mara tatu, na ng'ambo akajibiwa, naye akapiga tena. Waliendelea hivyo dakika nne nzima, wazee wawili, na watu mia mbili wenye njaa wamekaa wanawasikiliza.

Aliporudi, macho mekundu, Norris akauliza upya. Tuliokataa tuliitika, na sitawachosha kwa kueleza jinsi gani, ila picha ya mwanzilishi ilidondoka. Hoja ya daraja ikafuata na ikapita kabla ya maharage. Linaanza kutengenezwa udongo ukikauka, na baraza limeahidi kwamba safari hii halitatafakari.

Usiku ule nilitoa kadi moja tupu, ya zile nilizoiba kazini nilipostaafu. Nikaandika neno juu, tarehe, na mahali, Stannock. Chini yake nikaweka mfano, kama inavyotakiwa: "Mkutano ulimsubiri, kwa amani, mpaka alipomaliza kupiga kengele." Kesho yake nikaituma kwenye nyumba ya kamusi pamoja na barua ya kuomba waifute maana ya pili. Wamenijibu kwamba bado zinahitajika kadi mbili.