Amplifaya Mbili za Haroub

Kaka yangu Leonardi ni kiziwi, na kwa muda mrefu tuliolijua hilo tulikuwa wawili tu, yeye na mimi.

Mtaani kwetu Chang'ombe walishaamua kwamba anaringa. Watoto wanamwamkia, anapita. Naima wa genge la nyanya, ambaye ulimi wake hauna likizo, alikuwa akimsonya mchana kweupe. "Kupiga gitaa hotelini ndo hataki salamu za watu?" Mimi nilikuwa namjibu kwamba kaka ana mawazo. Leonardi mwenyewe alisema heri aitwe mwenye maringo kuliko kiziwi, maana mwenye maringo hanyang'anywi gitaa. Nilimwelewa, ingawa kuna siku nilitamani kumzaba kibao.

Bendi yetu hupiga roki, muziki ambao jirani zetu wengi wanauona wa mashetani. Mimi ni mwitikiaji. Leonardi hupiga solo pekupeku, amesimama juu ya kijukwaa cha mbao alichokitengeneza mwenyewe na kukibeba kila tunakokwenda. Watu walidhani ni mbwembwe za jukwaani. Kumbe sauti ilikuwa inampandia kwa nyayo. Midomo ya watu aliisoma, mikono ya Twaha mpiga ngoma aliifuata kwa macho, na yaliyobaki niliyabeba mimi.

Halafu Haroub, mwenye bendi, akapata amplifaya mbili za gitaa za kuazima, zile zenye taa za kioo ndani ambazo lazima zipate moto kwanza ndipo ziimbe. Moja nyeusi, nyingine rangi ya maziwa. Moja tungerekodia, nyingine ingerudi kwa mwenyewe. "Wa kuchagua ni Leonardi," alisema, "sikio lile hakuna." Na ni kweli, zamani kaka alikuwa anaweza kusimama nje ya mlango akakwambia taa moja ndani ya amplifaya inakaribia kufa. Kukataa kungezua maswali, kwa hiyo tukaenda.

Studio ipo Mikocheni, nyuma ya karakana ya mageti. Chumba kimebandikwa magodoro kuta zote na chini kuna zulia nene. Kijukwaa tulikiacha nyumbani, kwa sababu Haroub alisema kinalialia kwenye maiki. Sikulipenda lile zulia tangu nilipolikanyaga.

Tulikuwa tumepanga ishara. Nikishika kifua, sauti ni nzito. Nikishika nywele, sauti ni kali. Nikakaa mbele yake na Twaha akachomeka waya kwenye ile nyeusi, geini, kile kitufe cha kukwaruzisha sauti, mpaka mwisho. Lo, ilikuwa na sauti nzito yenye ukoko. Nyuzi za chini zilikwaruza, lakini ukipiga zote pamoja bado unausikia kila mmoja peke yake. Nikashika kifua. Ile nyeupe ilikuwa kali, inachoma kama pilipili iliyoungua kwenye mafuta, ila noti ya juu ukiishika inalia, inalia, mpaka unaihurumia. Nikashika nywele. Leonardi akaeleza yote hayo kwa maneno ya kiufundi, na Haroub akawa anatikisa kichwa kwa raha.

"Sasa bila kuangalia," Haroub akasema. "Macho yanapenda rangi, braza. Geukia ukutani, Twaha atakugusa bega akishabadilisha waya."

Nikainuka nisogee ukutani. "Sista, wewe kaa hukuhuku," akaniambia, kwa upole kabisa, na sikuwa na sababu ya kumpa.

Leonardi akageuka. Twaha akamgusa bega. Akapiga, akafumba macho, vidole vya miguu vikilikandamiza zulia kama anayetafuta kitu kilichozama matopeni. "Nyeusi," akasema. Alibahatisha, na akapatia. Nilivuta pumzi kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Twaha akahamisha waya. Akamgusa bega. Hapohapo umeme ukakatika.

Dirisha lilikuwa na mwanga wa mchana na feni tulikuwa tumeizima ili isitusumbue, kwa hiyo hakuna kilichobadilika chumbani isipokuwa vitaa vyekundu vya amplifaya. Noti ya kwanza ilitoka kwa moto uliosalia kwenye taa, kama mtu anayeguna, ikafa. Leonardi akaendelea. Alikuwa anapiga ile solo aliyoitunga baada ya mama yetu kufariki, na sijawahi kumwona akiipiga kwa moyo namna ile, shingo imetoka mishipa, mabega yanapanda na kushuka. Kilichosikika ni nyuzi tupu, sauti ndogo ya waya unaokwanguliwa kwa ukucha.

Twaha alicheka, akidhani ni utani. Kisha akaacha.

"Leonardi," Haroub akaita. "Braza Leo."

Alipiga mpaka mwisho. Noti ya mwisho aliishikilia akiitetemesha kwa kidole, na sisi watatu tukamsubiri. "Hii nyeupe ndiyo yenyewe," akauambia ukuta. "Mmesikia inavyoning'inia pale mwisho? Ile nyeusi haiwezi."

Haroub alivua kofia yake akaishika mapajani. Mimi ndiye niliyezunguka nikasimama mbele ya kaka yangu.

"Umeme umekatika," nikamwambia.

Akageuka kuzitazama amplifaya, kwanza moja, kisha nyingine.

"Tangu lini?"

Ningeweza kudanganya, nilikuwa na mazoezi ya kutosha. "Kabla hujaanza," nikasema.

Akaanza kuukunja waya wa gitaa, mzunguko juu ya mzunguko, vizuri, jinsi anavyoukunjaga siku zote. Haroub alikuwa anazungumza nyuma yake, kwamba hakuna aliyefukuzwa, kwamba tutakaa tuliongee, na nilimchukia kwa sababu hakuwa amekosea popote. Tukiwa tunafunga begi umeme ukarudi. Amplifaya zote mbili zikapata moto na kuanza kuvuma taratibu. Twaha akageuza uso. Leonardi alikuwa anahangaika na zipu.

Chang'ombe tulifika jua limeanza kupoa. Naima alikuwa kwenye genge lake anapanga nyanya mafungu.

"Shikamoo, kaka Leo," akasema, kwa sauti ile ya kumpima mtu.

Leonardi akapita. Naima akasonya, na hasira yote niliyotoka nayo Mikocheni nikammwagia yeye.

"Hasikii," nikamwambia. "Kaka yangu ni kiziwi, Naima. Hasikii kitu, na leo amepoteza kazi. Umeridhika?"

Naima akaiweka nyanya chini. Nilipoinua macho juu ya bega lake, Leonardi alikuwa amesimama mlangoni na begi lake begani, ananitazama mdomo. Alikuwa ameyasoma yote.

"Ungeniacha tu niringe, Editha," akasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, mtaa mzima ukasikia, kisha akaingia ndani.