Pampu Isiyo ya Mwaka Wake

Ubavuni mwa injini palikuwa na tundu la ukubwa wa yai, na tundu hilo lilikuwa limenishinda kwa siku tisa. Niliinama kwa tochi nikaiona, ndani kabisa, shafti inayong'aa kwa oili, ikingoja kuguswa na mkono wa pampu ya petroli. Mkono wa pampu niliyokuwa nimeishika haukuifikia. Ulibaki ukielea, kama mtu aliyenyoosha mkono kusalimia akaachwa.

"Haifiki," nilisema.

"Sukuma," alisema Baba. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha dereva, mlango wazi, miwani mipya mizito puani.

"Baba, pampu si godoro."

Gari hilo limenizidi umri. Baba alilinunua likiwa jipya, na maisha yangu yote nimemsikia akiwaambia wageni kwamba halijawahi kubadilishwa kitu zaidi ya matairi. Maneno hayo yalikuwa sehemu ya makaribisho nyumbani kwetu. Yalikuja baada ya salamu na kabla ya chai. Sasa pampu ilikuwa imekufa. Daktari wa macho alikuwa amempa Baba hadi mwisho wa mwezi aachane na usukani, na Jumamosi hospitali ilikuwa inamuaga Mama baada ya miaka thelathini na minne ya ukunga. Baba alikuwa ameahidi kumpeleka kwa gari lile lile lililomfikisha kwa waja wazito wasio na idadi. Nilipoinama kwenye tundu lile ilikuwa Alhamisi.

Mimi hutengeneza cherehani. Sikufundishwa na mtu. Nilijifunza kwa kufungua, kuandika nilichokiona kwenye daftari, na kufunga. Kanuni ya kwanza alinipa Baba mwenyewe kabla sijajua kushika bisibisi: usiende kununua kipuri bila kubeba kile cha zamani. Kipuri kibovu, alisema, ni shahidi asiyehongeka. Kwa hiyo pampu ilipokufa, naye akawahi kuifungua mwenyewe, nilimwomba anipe.

"Nimeitupa."

"Umeitupa wapi?"

"Panapotupwa vitu."

Nilikwenda dukani mikono mitupu, kitabu cha gari kwapani. Muuza vipuri, ambaye sote tunamwita Kamusi kwa kuwa namba zote zimo kichwani mwake, aliuliza mwaka wa gari, akanipa pampu ya mwaka huo. Haikufika. Akanipa ya kiwanda kingine. Nayo haikufika.

"Ndugu yangu," aliniambia, "ama gari linakudanganya wewe, ama wewe unanidanganya mimi."

Siku ya tano Baba alisema, akitazama pembeni, "Tuweke ya umeme, yaishe."

Nilidhani sikusikia vizuri. Huyu ndiye mtu aliyenikataza kubadilisha hata kitasa cha dirisha. Mama alikuwa akianika nguo nyuma yetu. "Ya umeme?" alisema. "Kwenye gari hili? Mzee, una homa?"

Tuliiweka. Ilivuma kama nyuki ndani ya kopo, ikasukuma petroli kwa nguvu ambazo kabureta ya zamani haikuzizoea, na petroli ikafurika, ikachuruzika hadi sentimita chache kutoka kwenye bomba la moshi. Nilizima kila kitu na kuing'oa siku hiyo hiyo. Hasira zangu ni moto wa pumba: hauwaki, lakini haufi. Usiku huo uliniunguza hadi asubuhi.

Ndipo Alhamisi hiyo nikamwita Bi Spana, fundi mwenye gereji mtaa wa pili. Yeye hakuuliza mwaka. Alilowesha kitambaa kwa petroli, akasugua ubavu wa injini mahali ambapo uchafu ulikuwa umeganda kama ukoko, mpaka namba ikajitokeza. Aliisoma mara mbili.

"Hii si injini ya gari hili," alisema. "Ni ya kigari cha kusambazia mikate. Hizi ni ndugu, baba mmoja, mama mbalimbali. Boliti zinakubaliana, mkono wa pampu haukubali."

"Haiwezekani. Gari hili halijawahi..." Nikageuka kumtazama Baba. Alikuwa akifuta miwani isiyo na vumbi.

Bi Spana alitutazama mmoja baada ya mwingine, akakunja kitambaa chake. "Nina mteja ananingoja," alisema, akaondoka.

"Mama yako yuko wapi?" Baba aliuliza.

"Ndani."

"Basi punguza sauti."

"Sijasema kitu."

"Hata hivyo, punguza."

Alieleza kwa sauti ya mtu anayesoma barua ya mwingine. Mama alikuwa ndiyo kwanza amepata leseni, baada ya kuanguka mtihani mara mbili. Ami zangu walikuwa wakimcheka mezani, wakimwambia usukani si upawa. Wiki ya tatu aliitwa kuzalisha huko milimani. Rejeta ilikuwa inavuja maji, hakujua. Mtoto alizaliwa salama. Injini ilirudi nyumbani imejikaanga, imekwisha.

"Akaniuliza, nimeliua? Nikamwambia, lina kiu tu." Baba alirudisha miwani usoni. "Wiki ile alikwenda kumuuguza dada yake. Nikatafuta injini, nikaipata hii. Aliporudi, nikampa funguo."

"Miaka yote hii. Hata mimi hukuniambia."

"Ningekuambia wewe, ungeandika."

Niliizima tochi.

"Mama yako angejua, asingeligusa tena," alisema. "Unamjua. Angesema wale waliomcheka walikuwa na haki. Na kule milimani angekwenda nani?"

Nilitaka kukasirika. Nilikuwa na kila sababu: siku tisa, pampu tatu, kidole kilichochubuka hadi nyama. Lakini hasira ilizunguka kifuani ikitafuta pa kukaa, isipaone.

"Ile ya zamani uliitupa wapi?" niliuliza.

Baba alijiinua kidogo, akapeleka mkono chini ya kiti, akanipa pampu iliyofungwa katika gazeti. Siku zote tisa alikuwa ameikalia.

Hasira ikapata pa kukaa.

Kamusi aliitazama ile pampu kwa nusu dakika, akapanda ngazi, akashuka na boksi. "Ungeanza na hii, tungekuwa tumeshasahauliana," alisema. Kwenye boksi palikuwa na picha ya kigari cha mikate, kubwa, kwa rangi nyekundu.

Nilisimama na boksi hilo kwenye kona ya mtaa wetu. Mama husoma kila kilichoandikwa. Hajawahi kufungua chupa ya dawa bila kuisoma kwanza, na mazoea hayo huyahamishia kwenye sukari na viberiti. Mimi nami sijawahi kumwandikia mteja namba isiyo ya kweli. Katika mfuko wangu wa zana kulikuwa na lile boksi la pampu ya pili, niliyokuwa nimeirudisha dukani bila boksi lake. Nilikaa juu ya ukuta mfupi, nikaihamishia pampu humo.

Mama alikuwa langoni. "Lete nione." Alilisogeza boksi mbali na macho, akasoma. "Hii ndiyo ya mwaka wake?"

"Ndiyo yenyewe, Mama."

Aliitoa pampu, akaigeuza, kidole gumba kikapita taratibu juu ya namba iliyochongwa kwenye chuma. Kisha akanirudishia. "Nzito," alisema, akaingia ndani.

Ilifika. Ilikaa mahali pake kama iliyozaliwa hapo.

Jumamosi Baba alikuwa garini tangu mapema, amevaa tai, mikono yote miwili kwenye usukani. Mama alitoka na gauni la buluu, akasimama mlangoni mwake.

"Sogea."

"Leseni yangu ni hadi mwisho wa mwezi."

"Leseni unayo. Ile nguzo ya lango unaiona?"

Baba alitazama mbele kwa muda, halafu akasogea. Mama akaketi, akaweka mkoba mapajani pa Baba, akawasha. Injini ilikohoa mara moja, ikashika. Akaisikiliza kichwa kikiwa upande, kama alivyosikiliza matumbo ya wanawake kwa miaka thelathini na minne.

"Maji nimeshaangalia," alisema, bila kumtazama yeyote.

Baba alishika mkoba kwa mikono miwili. Gari likatoka langoni polepole, na walipofika kwenye kona nilimsikia akibadilisha gia, bila kukwaruza hata kidogo.